Sala, Kwaya na Jinamizi: Jinsi Tunu za Kiroho Zinavyogusa Ustawi wa Kijana

Kuuliza kama dini humpa kijana utulivu wa akili ni sawa na kuuliza kama chakula hushibisha. Chakula kipi, kiasi gani, kimepikwaje, na mlaji ana vidonda vya tumbo au hana? Majibu mawili yanayosikika sana mitaani, "mrudie Mungu, yote yatakwisha" na "dini ndizo zinazowachanganya vijana", yana kosa moja: yote mawili yanaishika kamba yenye nyuzi nyingi na kuiita uzi. Kijana anayeshika ibada hupata watu, hubadili mpangilio wa usingizi na chakula chake, hupewa sababu ya kuamka asubuhi, huwekewa mipaka, na hujengewa picha fulani ya Mungu kichwani. Kila kimoja kati ya hivyo kina namna yake ya kufanya kazi, na kina namna yake ya kuharibika.

Tunu ni nini, na ustawi ni nini

Wakatoliki husema "tunu za kiroho na kiutu". Kwenye darsa utasikia akhlaki, subira, shukrani, tawakuli. Maana yake inakaribiana: ni mambo ambayo mtu anayaona bora kiasi cha kuyapangia maisha. Tunu si lengo. Kupata kazi ni lengo, na ukiipata limekwisha. Uaminifu kazini ni tunu, hauna siku ya kumalizika. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua mambo kwa kijana aliyehitimu miaka mitatu iliyopita na bado anazungusha bahasha. Lengo limemkwepa. Tunu hajanyang'anywa na mtu, ila mara nyingi hakuna aliyemwonyesha kwamba vitu hivyo ni viwili.

Ustawi nao ni zaidi ya kutokuwa mgonjwa. Utafiti mkubwa wa kimataifa ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka Aprili 2025, uliohoji watu zaidi ya 200,000 katika nchi 22, Kenya na Tanzania zikiwemo, uliupima kwa maswali 12 katika maeneo 6: furaha na kuridhika na maisha, afya ya mwili na akili, maana na kusudi, tabia njema, uhusiano na watu wa karibu, na uthabiti wa kifedha. Katika nchi nyingi vijana walionekana wamekwama chini kuliko ilivyozoeleka. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache ambako ustawi hushuka kadiri umri unavyopanda. Kenya ilikuwa na umbo la bakuli: juu ujanani, chini katikati, juu tena uzeeni. Na karibu kila mahali, wanaohudhuria ibada walipata alama za juu zaidi.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala, na hawapaswi kuufunga. Mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huacha kutoka nyumbani. Kwa hiyo ukihesabu walio ibadani utakuta wenye nafuu wengi, kwa sababu wagonjwa wamebaki kitandani. Ili kuukata mzunguko huo, inabidi uwafuate watu kwa miaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walifanya hivyo na kuchapisha mwaka 2018: waliwafuata vijana wapatao 5,000 kwa miaka 8 hadi 14, wakazingatia hali yao ya awali ya afya na familia. Waliokuwa wakienda ibadani angalau mara moja kwa wiki walipokuwa wadogo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban 18%, wa kuripoti furaha ya juu walipofika miaka ya ishirini, na uwezekano mdogo zaidi, kwa takriban 33%, wa kutumia dawa za kulevya. Lakini vijana hao walikuwa watoto wa wauguzi wa Marekani, wengi wao weupe. Anayetaka kuihamishia takwimu hiyo Mbagala au Mathare bila kugeuza kitu aende taratibu.

Kuna tatizo jingine ambalo hata wasomi hulikanyaga. Mwaka 2008 daktari wa akili Harold Koenig alionya kwamba vipimo vingi vya "hali ya kiroho" vina maswali kama "nina amani moyoni" au "maisha yangu yana maana". Mwenye sonona atayajibu maswali hayo vibaya hata kama anasali mara tano kwa siku. Halafu watu hutangaza kwamba wenye roho imara hawaugui sonona! Ni kama kupima homa kwa kumuuliza mtu kama ana joto, kisha kushangaa kwamba wenye joto wana homa. Ukikutana na kichwa cha habari cha aina hiyo, tafuta walichouliza kabla hujasoma walichopata.

Uzi wa kwanza ni watu

Mwaka 2010 watafiti Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha uchambuzi wa data za Wamarekani waliohojiwa mara mbili. Swali lao lilikuwa dogo: ni kitu gani hasa cha dini kinachoongeza kuridhika na maisha? Kusali peke yako, kuwa na imani kali, na kujiona uko karibu na Mungu havikuonyesha uzito mkubwa katika hesabu zao. Kilichoonyesha uzito ni kuwa na marafiki wa karibu ndani ya kusanyiko lile lile. Kati ya waliohudhuria kila wiki na kuwa na marafiki watatu hadi watano pale, 33% walisema wameridhika mno na maisha. Kati ya waliohudhuria kila wiki bila rafiki hata mmoja, ni 19%.

Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini kijana aliyekuwa mchangamfu kwao Njombe au Kakamega anasinyaa akihamia jijini, ingawa anaenda ibadani kuliko zamani. Kule alikuwa kwenye kwaya ya watu 20 waliojua mama yake anaumwa. Hapa anakaa safu ya arobaini, anatazama skrini, anapewa mkono na mhudumu wa mlangoni, anarudi na daladala. Jumapili ijayo anajaribu kwingine kwa sababu "sikuguswa". Baada ya mwaka amepita makanisa sita na hana hata mmoja wa kumpigia simu saa nane usiku.

Dawa yake ni ya kuchosha kidogo, na ndiyo maana haitangazwi. Chagua sehemu moja, ukae hapo angalau miezi mitatu. Usiingie kama msikilizaji, omba kazi: kupanga viti, kushika mitambo, kupika uji wa futari, kufundisha watoto wa madrasa au wa shule ya Jumapili. Kazi hukupa sababu ya kufika mapema na kuondoka mwisho, na urafiki huzaliwa hapo pembezoni, si katikati ya mahubiri. Kundi lisizidi watu 12 hivi, kwa sababu zaidi ya hapo mtu anaweza kukosekana wiki tatu asiulizwe. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele chao miaka ya 1970, zilijengwa kwa kipimo hicho cha ujirani. Kasoro yake ni kwamba katika mitaa mingi zimekuwa mikutano ya kina mama na michango, kijana akifika anaombwa asome somo na kutumwa kununua soda. Kwaya na halaka (duru za masomo ya dini) za vijana mara nyingi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Uzi huu ukikatika, hukatika kwa kusengenywa. Kijana aliyemwambia kiongozi siri ya mimba au ya deni, kisha akaisikia madhabahuni imegeuzwa "kuna mtu hapa…", hupoteza kundi zima kwa siku moja. Kinga yake ni kuamua kabla: anayepokea siri ni nani, anaruhusiwa kumwambia nani, na ni jambo gani pekee linalovunja siri. Jambo hilo ni hatari ya uhai.

Mwili nao unasali

Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwapima watu wazima 23 wakiwa wanasali Salamu Maria kwa Kilatini, kama kwenye rozari, na tena wakirudia maneno ya kiyoga. Njia zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika, na kwa mwendo huo mfumo unaorekebisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo ulifanya kazi vizuri zaidi. Watu wa uradi wataitambua habari hii bila kuhitaji maabara: maneno yaleyale, kwa urefu uleule, yakitolewa katika pumzi moja.

Anayetaka kufaidika na uzi huu ahesabu kidogo. Pumzi 6 kwa dakika ni sekunde 10 kila moja, yaani kama 4 za kuvuta na 6 za kutoa, na maneno yakae kwenye kutoa. Dakika 10 zinatosha kwa kuanzia. Kinachoharibu ni haraka: mtu anayekimbiza punje za tasbihi ili afikishe 1,000 kabla ya basi kufika, au anayeomba kwa kufoka kwa saa nzima, anapumua kwa kasi, na kupumua kwa kasi huleta kizunguzungu, ganzi vidoleni na moyo kwenda mbio. Wapo wanaozisoma dalili hizo kama upako au kama shambulio. Mara nyingi ni hewa tu imezidi, na pumzi ikipungua kasi hupita.

Tunu zilizoandikwa kwenye karatasi

Mfano mzuri wa hapa kwetu ni wa Kenya, nao haukutoka msikitini wala kanisani. Programu inayoitwa Shamiri, jina linalojieleza lenyewe, iliwapa wanafunzi wa sekondari vikao 4 tu, kimoja kwa wiki, cha saa moja. Vikao vya kwanza viwili vilihusu imani kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, kilichofuata kilihusu shukrani, na cha mwisho kilihusu kuzitambua tunu zako na kuziishi. Walioviongoza hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa vijana waliotoka sekondari juzi juzi, wakapewa mafunzo mafupi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye vijana 413 wa miaka 12 hadi 19, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma kwa muda uleule. Tofauti ilionekana hata walipofuatiliwa miezi 7 baadaye.

Kundi lolote la vijana linaweza kuiga kikao cha tunu bila kununua kitu. Kila mmoja achukue karatasi, achague tunu moja, si kumi: ukarimu, ukweli, kumcha Mungu, kuheshimu wazazi, kujituma. Aandike kwa dakika 5 kwa nini tunu hiyo ni yake yeye, bila kunukuu aya wala mstari, maana nukuu humsaidia mtu kujificha. Dakika 5 nyingine aandike siku moja halisi alipoiishi, akitaja mahali na watu. Dakika 5 za mwisho aandike tendo moja la wiki hii, dogo kiasi kwamba linaweza kufanyika hata mfukoni kukiwa na shilingi 500. "Nitakuwa mkarimu" halifanyiki. "Alhamisi nitampelekea bibi wa jirani maji ndoo mbili" linafanyika. Wiki inayofuata mnaanza kwa kuulizana lilikwendaje.

Shukrani ina masharti yake. Majaribio ya wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough ya mwaka 2003 yalijumuisha kundi lililoorodhesha mambo matano mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Si lazima iwe kila siku. Ikifanywa kila siku hugeuka orodha ileile ya "uzima, pumzi, familia" hadi maneno yanakufa. Kosa baya zaidi ni kuitumia shukrani kuziba mdomo. Binti amefiwa na mama yake, analia mwezi wa pili, anaambiwa "mshukuru Mungu, wengine hata baba hawana". Hilo ni kumfukuza msibani kabla matanga hayajaanuliwa, kisha kuliita jina zuri.

Uzi wa mipaka tuupite haraka, maana haubishaniwi sana. Kijana asiyekunywa, asiyevuta na asiyebadilisha wapenzi kila mwezi anaepuka mambo mengi yanayoharibu akili, na utafiti wa Harvard uliotajwa uliona waliohudhuria ibada wakitumia dawa za kulevya kwa nadra zaidi. Tatizo hutokea pale kundi linapojua kukataza tu na halijui kumpokea aliyeteleza. Hapo anayeteleza hupata vitu viwili kwa pamoja: kosa lenyewe na upweke.

Picha ya Mungu kichwani

Huu ndio uzi unaoweza kumwinua mtu au kumzamisha, na hauonekani kwa nje. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament alitumia miaka mingi kutenganisha njia ambazo waumini hutumia dini wanapobanwa. Kipimo chake kifupi kina sentensi 14. Saba ni za kuegemea: kumtafuta Mungu kama mshirika, kuomba msamaha, kuona mpango wenye upendo. Saba nyingine ni za kugombana: Mungu ameniacha, naadhibiwa kwa kukosa ibada, hanipendi tena, shetani ndiye aliyefanya haya, jamaa wa dini wamenitupa.

Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuata wagonjwa 596 wa miaka 55 na zaidi kwa miaka miwili. Waliokuwa kwenye ugomvi huo wa ndani walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya kuhesabu uzito wa ugonjwa. Hao walikuwa wazee, si vijana, lakini sentensi zenyewe utazisikia bwenini bila kubadilika hata neno. "Nimefeli kwa sababu niliacha kusali." "Mimba imetoka, Mungu ananilipa." Kijana wa hivi anaweza kuonekana mcha Mungu kuliko wote, kwa sababu anaongeza mifungo na sadaka akijaribu kulipa deni lisilokwisha. Ukimwambia aongeze maombi, unaongeza riba.

Kuwa na mashaka kwenyewe si ugonjwa. James Fowler, aliyeandika mwaka 1981 kuhusu hatua za imani, aliiweka kazi hii hasa ujanani: mtu anachukua imani aliyorithi, anaigeuza huku na huku, anaamua ipi ni yake. Kinachotofautisha shaka inayokuza na ugomvi unaoumiza ni kama shaka ina mahali pa kusemwa. Kijana anayeweza kumwambia mwalimu wake "hili silielewi" bila kuitwa kafiri au mlegevu kwa kawaida huvuka. Anayelificha hulibeba peke yake, na huku anaendelea kuongoza pambio.

Jinamizi, wasiwasi na mikesha

Kwenye eneo hili makosa ni mengi na yanarekebishika, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kijana anaamka usiku, macho yamefunguka, hawezi kuinua hata kidole. Kifua kimebanwa, na pembeni ya kitanda amesimama mtu mweusi. Kiswahili kina neno lake, jinamizi, na kila mtaa una maelezo yake: kukabwa, majini, mchawi kapita. Kinachotokea mwilini ni hiki. Tunapoota, ubongo hulegeza misuli yote isipokuwa michache, kama ya macho na ya kupumulia, ili tusitende tunachokiota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Mtu anajua yuko chumbani, hawezi kusogea, pumzi ni fupi, hofu inapanda, na mabaki ya ndoto yanavaa umbo la mtu. Hudumu sekunde chache hadi dakika kadhaa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2011 yalikadiria kwamba karibu 8% ya watu wote wamewahi kupata hali hiyo angalau mara moja, lakini kwa wanafunzi ni karibu 28%. (Taharuki ya Popobawa, pepo anayesemekana kuvamia watu usiku, iliyoikumba Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wakalala nje kwa makundi, imelinganishwa na baadhi ya waandishi na jinamizi hilihili.)

Vinavyoliita jinamizi ni kulala kidogo, kulala kwa saa zinazobadilika, msongo, na kulala chali. Sasa angalia mtego. Mwanafunzi amekabwa mara mbili wiki ya mitihani. Anashauriwa afanye mkesha siku saba ili avunje kifungo. Anakosa usingizi siku saba, anasinzia mchana, anakabwa mara nne. Anaambiwa vita vimepamba moto, aongeze. Tiba aliyopewa ndiyo chakula cha tatizo. Anachohitaji ni saa 7 hadi 9 za usingizi kwa wakati uleule kila siku, kulala ubavu, na likitokea, asipigane na mwili mzima: ajaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu na kutoa pumzi taratibu. Ayatul Kursiy, aya ya Kurani, au Zaburi kabla ya kulala haina ubaya wowote hapa, inatuliza. Ubaya uko kwenye kuuza usingizi. Akiwa pia anaanguka na usingizi wa ghafla mchana, amwone daktari.

Wasiwasi ni jambo jingine. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu cha dini, uchochezi wa kunong'onezwa. Kuna kijana anayetawadha mara tisa kwa sababu hana hakika kama kiwiko kililowa, anarudia takbira mpaka jamaa wamerukuu. Kuna mwingine anayeungama Jumamosi na kurudi Jumatatu kwa sababu huenda alisahau dhambi moja. Watu humsifu kwa uchaji. Kumbe ni aina ya ugonjwa wa mawazo ya kujirudia, na kila anaporudia tendo anapata nafuu ya dakika tano inayoufundisha ubongo kudai tena. Tiba yake ya kisaikolojia humzoeza mtu kukutana na shaka bila kuitii: udhu mmoja, kila kiungo kisizidi mara tatu, kisha anasimama kuswali akiwa bado na mashaka na anayaacha yachoke yenyewe. Fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, ina kanuni yake ya zamani inayokwenda sambamba na hilo, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Sheikh au padri anayeshirikiana na mtaalamu akimpa ruhusa ya wazi ya kutorudia, nusu ya mzigo hushuka. Akijibu swali lilelile kila siku kwa upole, bila kujua amegeuka sehemu ya ugonjwa.

Kuhusu mikesha na mifungo kwa jumla, kijana mwenye afya hapati dhara kwa mkesha mmoja. Wapo wasiopaswa kuamua peke yao. Mwenye kifafa anaweza kuanguka kwa kukosa usingizi usiku mmoja. Mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka anaweza kupandishwa na mikesha miwili mitatu: halali, hachoki, anatabiri, anagawa mali, na kundi linadhani ameshukiwa. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa huo, akikaa bila maji, dawa hujikusanya kwenye damu hadi kiwango cha sumu, kwa hiyo mpango wa Ramadhani huongelewa na daktari kabla mwezi haujaandama. Saumu ya Kiislamu katika ukanda wetu wa ikweta ni kama saa 13, na ina ruhusa ya wazi kwa mgonjwa. Mfungo mkavu wa siku tatu bila tone la maji ni kitu kingine kabisa.

Na ipo mipaka ambayo haihitaji daktari kuiona. Kiongozi anayekataza hospitali na shule, anayewatenga wafuasi na ndugu zao, anayeamuru wauze mali na kufunga bila kikomo, hatoi malezi ya kiroho. Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, ulianza na dalili za namna hiyo.

Fedha nayo tuiseme kwa kifupi, kwa kuwa ni moja ya maeneo yale sita ya ustawi. Kutoa humfurahisha mtoaji. Kutoa boom lote la muhula (fedha za kujikimu chuoni) au mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, kama "mbegu", kisha kula mlo mmoja kwa siku, huleta njaa, deni na aibu, na mavuno yasipoonekana, kijana hujilaumu kwa imani ndogo. Hapo uzi wa fedha umeuvuta na ule wa picha ya Mungu.

Kijana anapobisha hodi kwa kiongozi

Mara nyingi wa kwanza kuambiwa si daktari, ni mwenyekiti wa vijana, ustadhi, mchungaji au mama wa kwaya. Hahitaji kutoa utambuzi wa ugonjwa. Anahitaji kupima haraka na kusindikiza.

Kipimo cha WHO-5, cha Shirika la Afya Duniani, kinamfaa. Ni kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita: nimejisikia mchangamfu, nimejisikia mtulivu, nimejisikia mwenye nguvu, nimeamka nikiwa nimepumzika, siku zangu zimekuwa na mambo yanayonivutia. Kila kauli hupewa alama 0 (hakuna wakati wowote) hadi 5 (wakati wote). Jumlisha, zidisha kwa 4, upate kati ya 0 na 100. Akipata 50 au chini, aonwe na mhudumu wa afya. Akipata 28 au chini, asisubiri wiki ijayo. Kipimo hiki hakina neno hata moja la dini, na hiyo ndiyo faida yake: kijana hawezi kujibu kwa kuogopa kuonekana ana imani haba.

Kisha aulizwe waziwazi, faraghani, bila mafumbo: "Umewahi kufikiria kujiua? Siku hizi? Umepanga namna?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake siku hiyo, na sumu za wadudu, vidonge na kamba viondolewe karibu. Neno "dhambi" lisitajwe kwenye mazungumzo haya. Analijua tayari, na mara nyingi ndilo linalomzuia kusema.

Hospitali za rufaa za mikoa na kaunti nyingi zina kliniki ya afya ya akili. Juu yake zipo Mirembe ya Dodoma, Muhimbili, Kidongo Chekundu ya Unguja, Mathari ya Nairobi na Port Reitz ya Mombasa. Akipewa dawa za sonona, aelezwe mapema kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi sita, maana wiki ya kwanza mara nyingi huja kichefuchefu bila nafuu, na ndiyo wiki ambayo ushuhuda mmoja wa "nilitupa dawa nikapona" humfanya azitupe zake. Maombi yaendelee sambamba. Anayemwombea ndiye pia amkumbushe kidonge cha saa mbili usiku.

Miadi ya kwanza hupotea kwa vitu vidogo: nauli, kuogopa kuonekana kwenye korido ile, kutojua dirisha la kuchukulia kadi. Kwa hiyo kiongozi asitoe namba ya simu na kuaga. Amtume mtu mmoja anayeaminika, wa jinsia na rika lake, wakutane kituoni saa moja asubuhi, akae naye kwenye benchi mpaka aitwe jina, na arudi naye tena tarehe iliyoandikwa nyuma ya kadi.